Figo Zinazoingia Chumba cha Upasuaji: Kisukari na Upandikizaji wa Mishipa ya Moyo, Kutoka Mbesa hadi Muhimbili

Mgonjwa wa kisukari anapoambiwa kwamba mishipa inayolisha moyo wake imeziba na kwamba atahitaji upasuaji, maswali yake yote huelekea kifuani. Je, moyo utasimamishwa? Mfupa wa kifua utaunga baada ya muda gani? Nitaamka? Ni nadra kumsikia mgonjwa, au jamaa aliyemsindikiza, akiuliza habari za figo. Hata hivyo, miongoni mwa madhara yanayoweza kufuata upasuaji huo, kuumia kwa figo ni mojawapo ya yale yanayotokea mara nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya hatari yake huamuliwa kabla mgonjwa hajalazwa juu ya meza ya upasuaji. Huamuliwa katika kliniki ya kisukari, katika duka la dawa, ndani ya basi la safari ndefu na juu ya karatasi ya rufaa.

Tumeamua kuitazama habari hii tukianzia Mbesa, katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kwa sababu hapo umbali ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mbesa ina hospitali ya misheni ambayo kwa miaka mingi imewahudumia wakazi wa ukanda huo wa mikorosho na mashamba ya mihogo, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Anayehitaji huduma ya juu zaidi hupelekwa Tunduru mjini, au husafiri zaidi ya kilomita 200 kuelekea Songea, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo wenyeji huiita Homso, au hospitali ya misheni ya Peramiho. Lakini upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo haufanyiki huko. Kwa hilo mgonjwa atakwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo katika eneo la Muhimbili. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na taasisi hiyo ikaanza kujitegemea mwaka 2015. Kabla ya hapo wengi walipelekwa India, na wengi zaidi hawakupelekwa popote.

Kwa nini mwenye kisukari apelekwe kwenye upasuaji mkubwa namna hiyo, ilhali kuna njia nyepesi ya kupitisha mrija mwembamba kwenye mkono au paja na kuzibua mshipa kwa kuweka kijichuma cha kuutanua? Swali ni la haki. Kisukari huharibu mishipa ya moyo kwa namna ya pekee: hakizibi sehemu moja, bali husambaza utando wa mafuta katika mishipa mitatu au zaidi, hadi kwenye matawi membamba. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliojulikana kwa jina la FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye mishipa kadhaa iliyoziba. Baada ya miaka mitano, waliokufa, kupata shambulio la moyo au kupata kiharusi walikuwa asilimia 18.7 miongoni mwa waliopandikizwa mishipa, na asilimia 26.6 miongoni mwa waliowekewa vijichuma. Kwa hiyo hofu ya figo isitafsiriwe kuwa sababu ya kuukimbia upasuaji. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii upasuaji ndio unaorefusha maisha. Kinachotakiwa ni kuufikia ukiwa na figo zilizochunguzwa na kutunzwa.

Jambo jingine linalowachelewesha wagonjwa wa kisukari ni kwamba moyo wao mara nyingi hauumi. Neva zinazobeba taarifa ya maumivu huharibiwa na sukari, na mgonjwa hulalamika tu kwamba amekuwa mwepesi wa kuchoka, kwamba anahema akipanda mlima mdogo aliouzoea, au kwamba chakula hakishuki vizuri. Hudhaniwa kuwa ni vidonda vya tumbo au ni uzee. Anapofika kwa bingwa wa moyo, miaka imepita, na miaka hiyohiyo figo nazo zimekuwa zikiishi ndani ya sukari.

Figo mbili za mtu mzima hazifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Utajiri huo wa damu haugawanywi sawa. Sehemu ya nje ya figo, yenye vichujio, hupata damu tele. Sehemu ya ndani, ambako mkojo hukolezwa, hufanya kazi nzito kwa oksijeni kidogo sana hata mtu akiwa mzima kabisa. Ni kama shamba lililo mwisho wa mfereji: mvua ikipungua kidogo tu kule juu, la kwanza kukauka ni lile la chini.

Kisukari huanza kwa kuzilazimisha figo kuchuja kupita kiasi. Katika miaka ya mwanzo vipimo vinaweza hata kuonyesha kwamba figo zinafanya kazi vizuri kuliko kawaida, jambo linalowapumbaza wengi. Baadaye ukuta wa vichujio hunenepa na kupitisha kile ambacho haukupaswa kupitisha, hasa protini iitwayo albumini. Mishipa midogo ya figo hukakamaa na kupoteza uwezo wa kujitanua pale shinikizo la damu linaposhuka. Uwezo huo wa kujitanua ndio ngao ya figo. Anayeingia chumba cha upasuaji bila ngao hiyo anaweza asionyeshe dalili yoyote siku za kawaida, kwa sababu figo zina akiba kubwa; akiba ikiisha ndipo mwili unavimba na kichefuchefu kinaanza.

Ukimya huo si wa kukisia. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ukihusu wagonjwa 369 wa kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki ya nje. Kati yao 309, yaani asilimia 83.7, walikutwa na ugonjwa sugu wa figo kwa vigezo vilivyotumika. Wengi walikuwa na albumini katika mkojo, na karibu robo walikuwa na uchujaji uliokwisha kushuka chini ya mililita 60 kwa dakika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Katika mafaili yao, ni watano tu walioandikiwa kwamba wana ugonjwa wa figo. Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba Bugando ni hospitali ya rufaa na kwamba wagonjwa wake si kipimo cha vijiji vyote. Asilimia hiyo tusiipeleke Mbesa kama ilivyo. Lakini lile la kutojua, tunaamini, linasafiri vizuri sana.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Daktari huchukua mshipa kutoka mguuni, au ateri inayopita ndani ya ukuta wa kifua, na kuushona ili damu ipite pembeni ya sehemu iliyoziba. Njia ya kutumia mshipa wa mguu ilienezwa na daktari kutoka Argentina, René Favaloro, aliyeifanya huko Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Katika upasuaji mwingi wa namna hii moyo husimamishwa, na kazi yake pamoja na ya mapafu huchukuliwa na mashine.

Mashine hiyo huokoa maisha, lakini figo huihisi. Damu huanza kutiririka mfululizo bila mapigo. Hupungua ukolevu kwa sababu mirija ya mashine hujazwa maji maalumu kwanza, hivyo kila tone hubeba oksijeni kidogo zaidi. Baadhi ya chembe nyekundu hupasuka zikipita katika pampu, na rangi yake inayomwagika ndani ya damu huziumiza njia nyembamba za figo. Mwili mzima huitikia mguso wa mashine kama unavyoitikia maambukizi, kwa uvimbe na joto la ndani. Vipande vidogo vya mafuta vinaweza kung'oka kutoka kwenye ateri kuu inapobanwa na kuachiliwa, vikaenda kukwama katika figo. Juu ya yote, shinikizo la damu hupanda na kushuka kwa saa kadhaa. Figo yenye ngao hupita hapo ikiwa imechoka tu. Figo ya kisukari iliyokwisha kukakamaa hupita ikiwa imejeruhiwa.

Jeraha la ghafla la figo hutambuliwaje? Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012, unaotumiwa na mabingwa wengi wa figo, unatoa vigezo ambavyo muuguzi yeyote anaweza kuvishika. Kreatinini ni taka itokanayo na misuli ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikipanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi kwa lita ndani ya saa 48, au ikifikia mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba, figo zimeumia. Vilevile zimeumia iwapo mkojo unapungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa saa sita mfululizo. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni mililita 180 kwa saa sita, pungufu ya kikombe kimoja cha chai. Ndiyo maana muuguzi wa wodi ya mahututi huinama kila saa kuusoma mfuko wa mkojo, na jamaa wa mgonjwa wasione kuwa ni jambo la ajabu.

Kwa vigezo hivi, tafiti za nchi mbalimbali zimekuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano huumia figo baada ya upasuaji wa moyo. Wengi wao hupona ndani ya siku chache. Wanaofikia kuhitaji mashine ya kusafisha damu ni wachache, kati ya mmoja na watano katika kila mia, lakini kwa kundi hilo hali hugeuka kuwa nzito mno: karibu nusu yao hupoteza maisha. Hata waliopona wanabaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa sugu wa figo miaka inayofuata.

Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila kliniki ya kisukari ilizingatie. Mwaka 2005 madaktari wa Cleveland walichapisha kipimo cha alama cha kukadiria nani atahitaji kusafishwa damu baada ya upasuaji wa moyo, kilichojengwa kwa taarifa za wagonjwa zaidi ya 30,000. Kisukari kinachotibiwa kwa insulini kilipewa alama moja. Moyo uliolegea na kusukuma damu kwa udhaifu ulipewa alama moja pia, na upasuaji wa dharura alama mbili. Kreatinini iliyopanda kiasi kabla ya upasuaji ilipewa mbili, na iliyopanda sana, kufikia mikromoli 186 kwa lita au zaidi, ilipewa alama tano. Waliopata alama zisizozidi mbili, waliohitaji mashine ya kusafisha damu hawakufika hata mmoja kati ya mia mbili. Waliopata alama tisa na kuendelea, zaidi ya mmoja kati ya watano.

Tafsiri yake ni kwamba jina la ugonjwa, kisukari, lina uzito mdogo kuliko kile ambacho kisukari kimekwisha kukifanya figoni. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na kisukari cha miaka 15 kila mmoja, wakatumia insulini ileile, lakini mmoja akaingia chumba cha upasuaji na figo nzima na mwingine na figo nusu. Kinachowatofautisha hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa kifaa cha kusikilizia moyo. Kinaonekana kwa vipimo viwili: kreatinini ya damu na protini ya mkojo. Hivi si vipimo vya Muhimbili. Ni vipimo ambavyo hospitali ya ngazi ya wilaya inatarajiwa kuwa navyo, na cha mkojo kwa kijiti kinaweza kufanyika hata katika zahanati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba mmoja wa Mbesa amekuwa na kreatinini ya mikromoli 80 kwa mwaka mzima. Siku ya pili baada ya upasuaji, Dar es Salaam, inasomeka 107. Karatasi nyingi za maabara zitaandika kwamba 107 kwa mwanamume iko ndani ya kiwango cha kawaida, na daktari aliyemwona kwa mara ya kwanza wiki hiyo hatakuwa na sababu ya kushtuka. Lakini kwa baba huyu figo zimekwisha kuumia. Imepanda mikromoli 27 kwa siku mbili. Anayeweza kumwambia daktari wa Dar es Salaam hivyo ni mhudumu wa Mbesa, kupitia namba alizoziandika kwenye karatasi ya rufaa na kwenye daftari la kliniki. Kwa kuwa maabara hutofautiana, kipimo kitarudiwa Dar es Salaam kabla ya upasuaji, lakini mfululizo wa mwaka mzima hauwezi kutengenezwa kwa siku moja.

Kreatinini ina mtego mwingine. Kwa kuwa hutoka kwenye misuli, mtu mwenye misuli michache huwa nayo kidogo hata figo zikiwa zimechoka. Kijana wa miaka 25 mwenye kreatinini ya 110 ana uchujaji wa takriban mililita 82 kwa dakika, kwa kutumia kanuni ya ukokotoaji ya mwaka 2021. Mama wa miaka 65 mwenye 110 hiyohiyo ana takriban 48, yaani ugonjwa wa figo wa kiwango cha kati. Kwa hiyo mhudumu asiishie kwenye kreatinini. Akokotoe uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia, kazi ambayo sasa hufanywa na simu ya mkononi kwa sekunde chache. Kanuni za zamani ziliongeza kizidishi kwa watu weusi, zikawafanya waonekane wana figo bora kuliko walizonazo. Kizidishi hicho kimeondolewa katika kanuni ya 2021, na tungesema kwamba kwa Waafrika hakikupaswa kutumika tangu mwanzo.

Na mkojo nao una hila zake. Mahali penye kichocho cha kibofu, damu na protini katika mkojo vinaweza kutoka kibofuni na si figoni. Maambukizi ya njia ya mkojo hufanya vivyo hivyo, na homa kali pia. Kijiti kikionyesha protini, tibu kwanza kinachotibika, kisha rudia baada ya wiki chache. Ikiendelea kuonekana kwa miezi mitatu, si bahati mbaya tena.

Tuseme sasa mgonjwa amekwisha kupangiwa tarehe. Wiki zinazobaki zina kazi nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kwa urahisi kama peremende, na mwenye kisukari anayeumwa miguu au mgongo huzimeza kwa wiki na miezi. Dawa hizi hubana mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo, yaani hufanya kwa makusudi kile ambacho mashine ya upasuaji itafanya bila kukusudia. Anayesubiri upasuaji wa moyo aziache kabisa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo sahihi inatosha. Jentamisini, ambayo ni mkombozi katika wodi nyingi za vijijini, nayo ni adui wa figo dhaifu. Kama kuna antibiotiki mbadala, itumike hiyo. Kuhusu mitishamba, hatutaki kuidharau kwa jumla, lakini zipo zinazoua figo, na mchanganyiko usiojulikana hauwezi kupimwa wala kutabiriwa. Mgonjwa aulizwe bila kukaripiwa. Akikaripiwa atanyamaza, na daktari wa usingizi ndiye atakayelipa gharama ya ukimya huo.

Dawa za kisukari zenyewe zinahitaji mpango ulioandikwa. Metfomini haiharibu figo, ila hutolewa na figo. Zikisimama ghafla dawa hujilimbikiza na kuifanya damu kuwa na asidi. Kwa kawaida husimamishwa siku ya upasuaji na hurudishwa baada ya kuhakikisha kwamba figo zinafanya kazi. Dapagliflozini na empagliflozini ni dawa nzuri kwa moyo na kwa figo katika maisha ya kila siku, lakini husimamishwa angalau siku tatu kabla ya upasuaji kwa sababu zinaweza kuleta asidi kali mwilini hata sukari ikiwa inasomeka vizuri. Losatani, enalaprili na dawa za jamii hiyo hulinda figo za kisukari kwa miaka. Lini zisimamishwe karibu na upasuaji ni uamuzi wa timu ya upasuaji. Mgonjwa asiziache mwenyewe akiwa nyumbani kwa kusikia tu kwamba zinahusiana na figo.

Upungufu wa damu ni suala zito katika mikoa ya kusini, ambako malaria na minyoo bado vinakula damu ya watu, na figo za kisukari zikichoka huzalisha kidogo kichocheo cha kutengeneza damu. Kumbuka kwamba mashine itaizimua damu. Anayeanza na himoglobini ya gramu 9 atashuka mahali ambapo sehemu ya ndani ya figo haipati oksijeni ya kutosha, kisha ataongezewa damu, na kuongezewa damu nyingi nako kunaambatana na figo kuumia. Kutafuta sababu na kuitibu mwezi mmoja kabla ya safari, kwa madini ya chuma na dawa ya minyoo pale inapostahili, ni matibabu ya figo ingawa hayana jina hilo.

Kisha safari yenyewe. Kutoka Tunduru hadi Dar es Salaam ni siku nzima ya basi au zaidi, na wasafiri wengi, hasa kina mama, hujizuia kunywa maji ili wasilazimike kuomba basi lisimame. Mgonjwa hufika akiwa amekauka, pengine akiwa bado anameza dawa ya kukojoza, na kesho yake anachomwa dawa ya rangi ya kuonyesha mishipa ya moyo, ambayo nayo huzipa figo kazi ya ziada. Ikiwa hali inaruhusu, ni vyema zipite siku kadhaa kati ya dawa ya rangi na upasuaji, na kreatinini irudiwe katikati. Mgonjwa anywe maji njiani kwa kiasi alichoelekezwa. Nasema alichoelekezwa kwa sababu mwenye moyo dhaifu na miguu iliyovimba hawezi kuambiwa anywe tu bila mipaka.

Sukari isimamiweje siku za upasuaji? Kwa muda iliaminika kwamba kadiri inavyobanwa ndivyo mgonjwa anavyofaidika. Mwaka 2009 utafiti uliohusisha zaidi ya wagonjwa mahututi 6,000 ulionyesha kinyume: waliobanwa sana, hadi kiwango cha mtu asiye na kisukari, walikufa wengi zaidi kuliko walioachwa na sukari chini ya milimoli 10 kwa lita. Sukari inayoshuka ghafla ni hatari mara moja. Iliyo juu kiasi ni hatari polepole. Jamaa wanaomwona mgonjwa wao akiwa na sukari ya 9 baada ya upasuaji wasihangaike kudhani amesahauliwa.

Je, kuna dawa moja ya kuzuia figo zisiumie? Zimejaribiwa nyingi, na nyingi zimeshindwa. Wapo waliotumaini kwamba kupandikiza mishipa bila kuusimamisha moyo kungekuwa jibu. Utafiti wa CORONARY, wenye wagonjwa 4,752, ulikuta kwamba njia hiyo hupunguza kidogo jeraha la siku za kwanza, lakini baada ya mwaka mmoja uwezo wa figo haukutofautiana kati ya makundi mawili. Kilicholeta matumaini zaidi ni kitu kisicho na mvuto. Huko Münster, Ujerumani, mwaka 2017, madaktari waliwachukua wagonjwa 276 waliokuwa katika hatari kubwa baada ya upasuaji wa moyo, na nusu yao wakawapa uangalizi wa pamoja: shinikizo la damu na kiasi cha maji vilisimamiwa kwa karibu, sukari isiachwe kupanda, dawa zinazoumiza figo ziepukwe, losatani na jamaa zake zisitishwe kwa saa 48. Walioumia figo walipungua kutoka asilimia 71.7 hadi 55.1. Idadi bado ni kubwa, na utafiti wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini tazama yaliyomo katika orodha ile: karibu yote ni ya uangalifu, si ya mitambo.

Baada ya wiki chache mgonjwa hurudi Mbesa na kovu kifuani na mfuko wa dawa. Hapo huduma hulegea, kwa sababu kila mtu anauangalia moyo. Aliyeumia figo Dar es Salaam, hata kama aliambiwa amepona, apimwe tena kreatinini na protini ya mkojo baada ya miezi mitatu. Ndipo hujulikana kama figo zimerudi zilikokuwa, zimebaki chini, au zinaendelea kushuka. Kabla ya hapo apimwe shinikizo la damu kila anapokuja, na dawa zilizosimamishwa ziangaliwe kama zilirudishwa. Tumeona ni jambo la kawaida dawa iliyositishwa kwa siku mbili ikabaki imesitishwa kwa mwaka, kwa kuwa hakuna aliyeandika lini irudi.

Siku za kuharisha, kutapika au homa ya malaria, mgonjwa huyu asijikaze nyumbani. Metfomini, losatani, dawa ya kukojoza na dapagliflozini huenda zikahitaji kusitishwa mpaka aanze kula na kunywa tena, na uamuzi huo ufanywe siku ileile na mhudumu aliye karibu, si wiki inayofuata. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na kliniki kabla ya mwezi kuandama: wapo watakaoweza kwa kubadilishiwa saa na vipimo vya dawa, na wapo ambao figo zao hazitastahimili siku nzima bila maji.

Kwa mhudumu anayeandika rufaa kesho asubuhi, karatasi yake ibebe haya: miaka ya kisukari, kreatinini za mwaka uliopita pamoja na tarehe zake, protini ya mkojo, himoglobini, shinikizo la damu, dawa zote pamoja na zile za dukani na za asili, na namba ya simu ya kliniki. Namba hiyo isisahauliwe. Daktari wa Dar es Salaam anapoona kreatinini ya 107 saa nane usiku hana muda wa kutafuta Mbesa iko wapi, lakini ana muda wa kupiga simu asubuhi.